Kagemusha, 1979: steringi anatimuliwa na shuti imeshaanza

Julai 1979 huko Japani kuna filamu inashutiwa ambayo ndo ilikuwa ya gharama kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa nchini humo hadi wakati ule. Hela ya Hollywood imeshaingia, sini za mwanzo zimeshapigwa kwenye ngome ya Himeji tangu mwishoni mwa Juni, deraya na nguo zipo tayari, afu dairekta anamfuata steringi wake kwenye gari anamwambia basi, kazi imeisha, nenda. Steringi mwenyewe sio mtu wa kuokoteza, ni Shintaro Katsu, yule wa Zatoichi, kipofu anayekanda watu masaji na upanga umefichwa ndani ya fimbo, filamu 25 kati ya 1962 na 1973 na juu yake tamthilia ya TV. Dairekta ni Akira Kurosawa, miaka 69. Filamu ni Kagemusha, kuhusu mtu anayewekwa badala ya bwana vita ili adui asijue kwamba bwana amekufa.

Watu wengi wakikisimulia kisa hiki wanakifanya ugomvi wa mastaa wawili, mmoja mkali mwingine jeuri, imeisha hiyo. Kwa ninavyoona mimi Kurosawa alikuwa sahihi kumtoa Katsu siku ile, ila tatizo alilitengeneza mwenyewe siku alipompa ile kazi, na filamu haikufa kwa sababu ilikuwa imeshachorwa yote kwenye karatasi kabla hata senti moja haijapatikana.

Kurosawa huyu ndo yule wa Seven Samurai ya 1954, mtu aliyeifanya dunia igeuke kuangalia filamu za Kijapani. Lakini baada ya 1965 mambo yakaanza kwenda kombo. Studio ya Marekani, 20th Century Fox, ilimchukua aongoze upande wa Wajapani kwenye Tora! Tora! Tora!, filamu ya shambulio la Pearl Harbor, na mwishoni mwa 1968 wakamtoa, wakasema ni mgonjwa. 1970 akatoa Dodes'ka-den, filamu yake ya kwanza ya rangi, haikuuza. Desemba 1971 alijaribu kujiua, akaokolewa. Filamu iliyofuata hakuitengenezea kwao kabisa, Wasovieti ndo walimwita, akaenda kupigwa baridi Siberia na studio ya Mosfilm, wakatoa Dersu Uzala ya 1975 ikachukua Oscar ya filamu ya kigeni, na bado akirudi Tokyo hakuna wa kumpa hela. TV ilikuwa imeshawachukua watazamaji, studio zimebana matumizi, na huyu anakuja na skripti yenye majeshi na farasi na ngome kuungua, yaani ukimsikiliza tu unaanza kutafuta mlango.

Mzee akachukua rangi akaanza kuchora. Ujanani alitaka kuwa mchoraji kabla ya kuingia kwenye filamu 1936, kwa hiyo mkono alikuwa nao. Akaichora Kagemusha sini kwa sini, mamia ya michoro yenye rangi kamili, bendera zinavyopepea, deraya za kila jemadari, bwana alivyokaa, mbingu nyekundu kama damu. Alishaeleza mwenyewe kwamba aliona filamu inaweza isitengenezwe kabisa, basi angalau watu waione kwenye michoro. Na hii sio ile michoro ya haraka haraka ya kuonyesha kamera ikae wapi, ni kazi ambazo baadaye zilichapwa vitabu na kutundikwa kwenye maonyesho, na ukiziweka pembeni ya filamu unaona kabisa kwamba muhusika alishapata nguo, mkao na hali ya uso miaka kadhaa kabla hajapatikana wa kumuigiza. Hilo lishike, tutalirudia.

Waliomuokoa ni vijana waliokua wakiangalia kazi zake. George Lucas alikuwa ametoka kupiga hela ya kutisha na Star Wars ya 1977, na hajawahi kuficha kwamba sehemu ya wazo lake ilitoka kwenye The Hidden Fortress ya Kurosawa ya 1958, wale maroboti wawili wanaogombana njia nzima chimbuko lao ni wale wakulima wawili. Alipojua kwamba Kurosawa amekosa hela ya filamu alishtuka, akamshirikisha Francis Ford Coppola, wakaenda kuongea na Fox, na Fox wakanunua haki za kuionyesha filamu nje ya Japani, pesa hiyo ikaziba pengo ambalo studio ya Toho ilishindwa kuliziba. Ndiyo, Fox ile ile iliyomtoa 1968. Lucas na Coppola wakaandikwa kama maprodyuza watendaji wa toleo la nje. Kuna hadi matangazo ya wiski ya Suntory ambayo Kurosawa na Coppola walicheza pamoja kipindi hicho hicho cha shuti, wamekaa location wanakunywa taratibu.

Kisa chenyewe cha filamu kimeegemea historia. Takeda Shingen, bwana wa jimbo la Kai, siku hizi panaitwa Yamanashi, alikuwa mmoja wa wababe waliokuwa wanaukodolea macho mji mkuu Kyoto karne ya 16. Alifariki 1573 akiwa vitani na inaelezwa aliacha usia kwamba kifo chake kifichwe miaka 3. Kurosawa na mwandishi mwenzie Masato Ide wakaukamata huo usia wakajiuliza, sasa miaka yote hiyo nani alikuwa anakaa kwenye kiti? Wakamtunga mwizi, mtu wa hovyo aliyekuwa anaenda kusulubiwa, ambaye Nobukado, mdogo wake Shingen, anamuokoa kwa sababu kafanana na kaka yake mpaka inatisha.

Sini ya kwanza ni shoti moja tu, kamera haiendi popote, kama dakika 6 hivi. Wanaume watatu wamekaa chumbani, nguo zinafanana, masharubu yanafanana, bwana katikati kwa juu, mdogo wake pembeni, mwizi chini kidogo kwa upande mwingine, na ukiangalia vizuri ukutani ni bwana peke yake ndo ana kivuli. Wanamjadili mwizi kama vile hayupo. Ghafla jamaa anaangua kicheko, anamwambia bwana mi nimeiba vijisenti, wewe umeua watu wasiohesabika na kupora majimbo mazima, sasa mbaya nani hapa? Na Shingen hakasiriki, anakubali. Hapo ndo unaelewa kwa nini Kurosawa alimtaka Katsu. Muigizaji mmoja inabidi abebe watu wawili, mmoja mzito wa kuogopwa, mwingine kibaka wa mtaani mwenye mdomo, na Katsu kwa ukibaka wenye mvuto hakuwa na mpinzani Japani nzima, Zatoichi wake alikuwa anakula ovyo, anacheza kamari, anacheka, na bado unampenda.

Ila Katsu hakuwa muigizaji wa kuamrishwa tu. Tangu 1967 alikuwa na kampuni yake ya uzalishaji, filamu zake nyingi alizitoa mwenyewe, amedairekti, na kwenye seti zake alizoea kubadilisha mambo pale pale kadri anavyojisikia. Huyo ndo unamleta kwa Kurosawa, mtu anayefanyisha mazoezi wiki nzima kwa sini moja, anayejua hadi kikombe kikae upande gani kwa sababu kakichora. Wahenga walishasema fahari wawili hawakai zizi moja, na hapa zizi lenyewe lilikuwa dogo.

Siku ya siku, Katsu akatokea na kamera yake ya video akitaka ajirekodi wakati anaigiza, ajitazame baadaye ajirekebishe. Kwa macho ya leo mtu anaweza kuona ni jambo dogo, kila mtu ana simu. Kurosawa akakataa, akamwambia ya kuangalia uigizaji wako niachie mimi. Teruyo Nogami, ambaye alifanya kazi na Kurosawa tangu Rashomon ya 1950, ndo ameisimulia sehemu inayofuata: Katsu akatoka kwa hasira, akaenda kwenye gari lake, akavua wigi na nguo za kuigizia. Kurosawa akamfuata huko huko, hakubembeleza, akamwambia kama ni hivyo basi itabidi ujitoe. Katsu akapanda mori, na prodyuza Tomoyuki Tanaka ikabidi amshike. Magazeti ya Japani yakapata cha kuandika mwezi mzima.

Sasa tuchambue. Wanaomtetea Katsu wanasema alikuwa anataka kufanya kazi vizuri zaidi, kwamba mtu anayejirekodi ni mtu anayejali. Naamini hilo, wala sidhani alikuwa na nia mbaya. Lakini jiulize, muigizaji akishakuwa na picha zake mwenyewe za kuangalia jioni, kesho anakuja seti na maoni ya nani? Anakuja na ya kwake. Anakuwa na filamu yake kichwani pembeni ya ile ya dairekta, na dairekta mwenyewe ana mamia ya michoro ya ile anayoitaka. Kwenye filamu ya watu wawili chumbani mnaweza mkavutana mkafika. Kwenye filamu ambayo kuna siku unahitaji umati wa watu na farasi wapite mara moja mbele ya kamera kabla jua halijazama, nani mwenye neno la mwisho inabidi ijulikane kabla, na kama bado haijulikani wiki za kwanza maana yake haitajulikana kabisa. Kumtoa Julai kulikuwa na maumivu, kumtoa Desemba ingekuwa ndo mwisho wa filamu na pengine mwisho wa Kurosawa.

Ila hapa ndo namlaumu mzee. Katsu hakubadilika ghafla, kila mtu kwenye tasnia alijua anafanyaje kazi, na Kurosawa alijua. Alimchagua kwa sababu ya ule uhuru wake afu akataka auache mlangoni. Kama kulikuwa na siku ya kukaa naye chini na kumwambia kaka, kwangu utaratibu ni huu, unauweza? basi ilikuwa kabla ya mkataba, sio kwenye gari mbele ya watu.

Aliyeitwa ni Tatsuya Nakadai. Miaka 46, muigizaji wa jukwaani na wa filamu, na kwa Kurosawa hakuwa mgeni, alishacheza Yojimbo, Sanjuro na High and Low miaka ya mwanzo ya 60. Kabla ya hapo, akiwa kijana kabisa, alipita tu barabarani kwenye Seven Samurai, sekunde chache, na Kurosawa alimrudisha kutembea hiyo barabara tena na tena kwa masaa mpaka atembee kama samurai. Kwa hiyo huyu alikuwa anajua fika anaingia kwa nani. Ugumu ni kwamba Katsu alikuwa mtu wake, walishacheza wote Hitokiri ya 1969, na nafasi hii ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya mwingine mpaka kwenye pumzi. Akakubali.

Na hapa michoro ndo ilifanya kazi. Fikiria ungekuwa dairekta wa kutafuta sini na muigizaji wako mkiwa seti, ukimpoteza huyo umepoteza nusu ya filamu. Kurosawa alipoteza steringi, lakini Shingen na yule mwizi walikuwa bado wapo mezani, rangi, mkao, kila kitu. Kundi zima lilikuwa linajua linatengeneza nini. Na sio steringi peke yake aliyeondoka. Masaru Sato, mtunzi wa muziki aliyekuwa naye tangu miaka ya 50, walishindwana kuhusu muziki akaacha, akaja Shinichiro Ikebe. Kazuo Miyagawa, mpiga picha mkubwa aliyeshuti Rashomon, macho yakamsumbua ikabidi akae pembeni, Takao Saito na Shoji Ueda wakabeba kamera. Pigo tatu kwenye filamu moja, na bado ukiiangalia hakuna mahali inayumba. Mtu mwingine aliyesaidia sana ni Ishiro Honda, dairekta wa Godzilla ya kwanza ya 1954, rafiki wa Kurosawa tangu wakiwa wasaidizi miaka ya 30, huyu alikuja kusimama pembeni yake kama msaidizi, mzee kwa mzee, bila kudai cheo. Nampenda sana Honda kwa hilo.

Je Nakadai aliifaa? Wapo wanaosema hapana, kwamba kama mwizi ni mzito mno, anaigiza kwa macho makubwa kama yuko jukwaani, na Katsu angetuchekesha. Nakubali nusu. Zile sini za mwanzo za kibaka kuvunja mtungi usiku akidhani ana hazina, akakuta maiti ya Shingen imo ndani, hapo Katsu angepaua. Lakini kadri filamu inavyoenda mwizi anaingiwa na Shingen mwilini, na hiyo sehemu Nakadai anaimaliza. Bendera ya Shingen ilikuwa na maneno ya Sun Tzu, yule mtaalamu wa vita wa China ya kale, wepesi kama upepo, ukimya kama msitu, ukali kama moto, bila kutikisika kama mlima. Mlima ni bwana mwenyewe, kazi yake ni kukaa. Kuna usiku wa vita kwenye ngome ya Takatenjin, mwizi amekaa kwenye kiti juu ya kilima, giza, risasi zinakuja, na vijana wa ulinzi wanajipanga mbele yake kwa miili yao wanaanguka mmoja mmoja, kwa ajili ya mtu ambaye wanajua kabisa ni feki. Anataka kukimbia, unaona mwili unataka, anaambiwa usitikisike, anakaa. Sini hiyo Nakadai anafanya kwa uso na magoti tu. Simuoni Katsu pale, kwa heshima zote.

Mwisho wa filamu ni Nagashino, 1575. Katsuyori, mtoto wa Shingen aliyechoka kuishi chini ya kivuli cha baba, anautoa mlima mahali pake, anawapeleka wapanda farasi dhidi ya mabwana hasimu Oda Nobunaga na Tokugawa Ieyasu, ambao wamejenga uzio wa miti na nyuma yake wamepanga watu wenye magobore ya utambi. Simulizi za zamani zinataja bunduki 3,000, wanahistoria wanabishana hadi leo. Silaha zenyewe zilifika Japani 1543 kisiwa cha Tanegashima na Wareno, hao hao waliokuwa wanapita Malindi na Mombasa kwenda Goa na ambao baadaye 1593 wakaanza kujenga Fort Jesus, na Wajapani hawakusubiri kuletewa zingine, mafundi wao walizikopi wakafua zao. (Na ni Nobunaga huyu huyu ambaye 1581 alimpokea Yasuke, Mwafrika aliyekuja na mapadri Wajesuti, ila hiyo mada inajitegemea.)

Jinsi Kurosawa alivyoishuti hii vita ndo kitu ambacho sijakiona kwingine. Vikosi vya Takeda vimepewa majina ya yale maneno ya bendera. Upepo unapita, wapanda farasi wanatoka fremu, unasikia milio, afu kamera inaonyesha sura za majemadari wa Takeda wanaangalia. Msitu unaenda, milio, sura. Moto unaenda, milio, sura. Hauoni mtu anapigwa risasi. Ndo baadaye anakufungulia uwanja, watu na farasi wametapakaa, farasi wanajaribu kuinuka, wanaanguka tena, taratibu, tarumbeta inalia. Farasi hawakuumizwa, walichomwa dawa ya usingizi, kwa hiyo unachokiona ni mnyama anapambana na dawa, na kundi zima linatakiwa liwe tayari muda huo huo maana dawa haikusubiri. Shuti hiyo ilifanyika Hokkaido, kwenye uwanda mpana. Bila mpango uliokamilika huwezi kujaribu kitu kama hicho, na ukitaka kujua kwa nini neno la mwisho lilitakiwa kuwa la mtu mmoja, angalia dakika zile.

Wapenda historia mtaona mapungufu. Ngome ya Himeji tunayoiona jengo lake kuu lilimalizika 1609, Shingen keshakufa miaka mingi, na mwenyewe hakuwa hata na ngome ya aina ile, alikaa kwenye makazi ya Tsutsujigasaki pale Kofu. Kwangu sio tatizo, maana ni pale kwenye ngazi za mawe ndo tunapata yule mjumbe aliyejaa matope anateremka mbio na wanajeshi waliolala wanainuka kama wimbi anapopita.

Filamu ikatoka Japani Aprili 1980, ikawa ya kwanza kwa mapato kati ya filamu za nyumbani mwaka ule, na Mei ikachukua Palme d'Or, tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, pamoja na All That Jazz ya Bob Fosse. Kurosawa baadaye aliiita mazoezi ya Ran, ambayo skripti yake ilikuwa inasubiri muda wote huo, akaitoa 1985 na steringi akiwa Nakadai tena. Kampuni ya Katsu ilifilisika 1981. Yeye aliendelea, 1989 akarudi na Zatoichi ya mwisho akaidairekti mwenyewe, akafariki 1997, mwaka mmoja kabla ya Kurosawa.

Kwa anayetaka kuiangalia, tafuta ile ya dakika 180. Toleo la kwanza la kimataifa lilikatwa likabaki 162, na kwenye vilivyokatwa ilikuwemo nafasi ya Takashi Shimura, kiongozi wa wale saba wa 1954, na hiyo ndo ilikuwa filamu yake ya mwisho na Kurosawa, 1982 akafariki.